Nafasi ya Mke Wangu Kule Maretadu

Nimezoea kupiga picha makaburi ya zamani, Mbulu hadi Hanang, na nimezoea pia kushukiwa. Mtu mzima mwenye miwani akizunguka makaburini na kamera, watu wanajua anachotafuta: mali waliyofukia Wajerumani. Nikisema naandika kuhusu namna watu wanavyokumbukwa, wananitazama kwa huruma, kana kwamba ningeweza kubuni uongo mzuri zaidi.

Kaburi nililolitamani kwa muda mrefu liko Maretadu. Ni la mzee aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujenga upande ule. Ni rundo la mawe tu katikati ya shamba la mahindi, halina jina wala msalaba. Kinacholitunza ni plau. Kila msimu ng'ombe wakifika pale huzungushwa, kizazi baada ya kizazi, mpaka mistari ya mahindi nayo imepinda. Nilichelewa kwenda kwa sababu moja: ukoo ule ni wa marehemu mume wa kwanza wa mke wangu.

Nilimwoa akiwa amekaa ujane miaka minne. Hamtaji marehemu, nami simuulizi, na katika ukimya huo mwanamume yule amezidi kuwa hodari mwaka hadi mwaka. Nikishindwa kukaza bawaba ya mlango, najua yeye angeweza. Nina shahada mbili, na bado nikipalilia nang'oa mahindi. Yeye, nina hakika, hakung'oa hata mche mmoja.

Safari hii mke wangu alisema mwenyewe, "Twende wote. Nikamsalimie mama."

Mama huyo ni mkwe wake wa zamani, ila neno "zamani" nimeliongeza mimi. Alimkumbatia mke wangu mpaka kanga ikamdondoka begani. Nikatoa shikamoo.

"Marahaba," akajibu, kisha akamgeukia mwenzangu. "Mkwe, mbona umekonda? Huyu hakulishi?"

"Ananilisha vitabu, mama."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa kuchelewa.

Tukashuka shambani. Lile rundo la mawe lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia, lakini hatua chache pembeni yake palikuwa na kaburi jingine, la vigae vyeupe, lenye picha chini ya kioo. Ndiye. Miaka thelathini na kitu, nywele zote kichwani, anacheka. Mimi nywele zimenikimbia ndani ya ndoa hii, mke wangu akishuhudia.

Mke wangu alikuwa ameshainama. Aling'oa majani kando ya vigae haraka haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyookota uzi kwenye shati la mumewe. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliokota uzi kwenye shati langu.

Nikajishughulisha na kazi. Kila nilipoelekeza kamera kwa babu, mjukuu alijitokeza pembeni akicheka. Nikarudi nyuma, nikahamia kulia, nikasimama kwenye kipande cha nyasi fupi kilichogusana na vigae. Kutoka pale mawe yalionekana peke yake.

"Toka hapo!" mama akapaza sauti. "Hapo pana mwenyewe!"

Nikaruka. "Samahani mama. Kuna kaburi?"

"Bado. Hapo ni pake." Fimbo yake ilimwelekea mke wangu. "Nimewakataza wasipalime. Mke hulala na mumewe."

Nikatazama chini. Plau ilikuwa imepazunguka pale pia, na kwa namna nyasi zilivyoshika, si kwa msimu mmoja. Nimewahi kuandika kwamba kukumbukwa ni kuachiwa nafasi. Sikufikiri anaweza kuachiwa mtu ambaye asubuhi hiyo alinikaangia mayai.

Nikasubiri mke wangu aseme neno. Mume wake aliye hai alikuwa mbele yake, amevaa kofia ya jua.

"Sawa, mama," akasema. "Asante."

Tulifika Dongobesh tukirudi nyumbani, mimi nikiendesha.

"Umekubali," nikasema.

"Nimekubali nini?"

"Kuzikwa na yule."

"Ulitaka nimwambieje? Mwanawe yuko chini, na yeye amebaki kulinda hicho kipande cha nyasi. Nimnyang'anye?"

"Kwa hiyo utazikwa wapi?"

"Nitajuaje? Nikifa sitakuwepo kubishana. Wewe ndiye utakwenda kubishana nao." Akalitazama tumbo langu lilivyoegemea usukani. "Kama utakuwepo."

Tangu siku hiyo nimeacha sukari kwenye chai. Kila asubuhi napanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu Mbulu mjini, mikono ikienda mbele na nyuma kama askari. Ni lazima niwepo siku ya kubishana, basi. Ilinichukua wiki mbili za jasho kuelewa ninachokifanyia mazoezi: ili nimshinde yule bwana, mke wangu lazima atangulie. Nilisimama katikati ya kilima nikaona aibu, peke yangu, na ng'ombe wa jirani wakinitazama. Kisha nikaendelea kupanda. Kumwachia ushindi bado sikuweza.

Mke wangu nilimwambia ni presha.

Jumatatu alivaa raba akanifuata. Anapanda kile kilima bila kuhema, huku anaongea, na akifika juu hunisubiri.