Kadi Nene Kama Tofali

Kilichoniponza ni mdomo wangu. Vita vilipomfukuza mama mkwe kwake Kalemie, alitufikia hapa kwetu Ruashi na laptop kuukuu ya marehemu mumewe, yenye picha zake zote. Lakini skrini ilikuwa giza, sura hazionekani. Na kwetu sisi Baluba, mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso, kwa hiyo sikumuuliza kitu. Nilimtangazia mke wangu Odette kama profesa: "Carte graphique, ile kadi ya kuonyesha picha, imezeeka. Nitaweka ya nguvu!"

Nilirudi kutoka mjini na kadi nene kama tofali, ina feni mbili. Nikafungua laptop mezani, nikakuta haingii popote. Ile ya ndani imechomelewa, haitoki. Nikafunga, nikawasha: giza lile lile.

Nikasogea pembeni. Mama mkwe akajongea, akabonyeza kitufe kimoja mara tano. Marehemu akatokea kwenye skrini anacheka, meno yote nje.

"Odette," akasema, nami niko palepale, "umuambie bwana yako, nilipunguzaka mwangaza mu njia, batri isiishe mbio. Lakini kadi yake iko muzuri. Itatusaidia kuzuia mulango."