Pawa Saplai kwa Sharti la Kisu

Abu Sundus aliuza matikiti Baghdad miaka arobaini, na hakujua kusoma hata jina lake. Lakini umpe tikiti alipige kofi moja, atakwambia kama ndani ni jekundu au ni la kulisha punda.

Siku tano kabla ya Idi, umeme wa serikali ulikatika, jenereta ya mtaa ikapokea, na kompyuta ya mezani pale sebuleni ikatoa harufu ya waya ulioungua. Ikazima. Haikuwaka tena.

Ilikuwa ya bintiye, Sundus, aliyeolewa Basra akaiacha. Mzee hakuwa na haja nayo, ila kwa kitu kimoja. Ndani mlikuwa na sauti ya mkewe, Najiba. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, Sundus alimrekodi jikoni akifundisha kupika kleicha, vile vibiskuti vya tende vya Idi. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Sundus aliahidi kutoa nyingine, akajifungua, akasahau.

Idi iliyopita, ya kwanza bila Najiba, nyumba haikunukia iliki. Mwaka huu mzee alisema kleicha zitapikwa, na mwalimu atakuwa Najiba mwenyewe. Jirani yake, Umm Ghazwan, alishakubali kuleta mikono ya kukanda.

Fundi wa mtaani akaja, akafungua, akanusa. Kilichokufa ni pawa saplai, akasema, kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme mle ndani. Kinginecho chote bado kizima. Lakini alimwonya.

"Usichukue ya ovyo, ami. Pawa saplai mbovu haifi peke yake, hufa na wenzake. Na sauti ya mama imo humo humo."

Neno hilo mzee alilala nalo. Asubuhi akakifunga kile kilichoungua kwenye leso, akaenda Mtaa wa Sinaa, wanakouza kompyuta.

Hakuingia duka la kwanza wala la pili. Alisimama akiangalia watu. Kila mnunuzi alifanya jambo moja: anashika kisanduku, anakipandisha na kukishusha mkononi, anasema hiki kizito, basi hiki kizuri. Ndiyo elimu ya mtaa mzima, na si uongo, maana shaba ya ndani ina uzito wake. Abu Sundus akacheka kimoyomoyo. Penye wanunuzi wanaopima kwa mkono, wapo wanaojua kuujaza huo mkono. Yeye mwenyewe alishaletewa matikiti yaliyodungwa maji kwa sindano.

Akaingia kwa Luay, mtu mnene mwenye maneno mengi, duka limejaa wateja. Luay akasoma karatasi ya kile kilichoungua, akalinganisha nguvu na vichwa vya waya, kisha akaweka mezani kisanduku kipya chenye taa za rangi. Kizito kama jiwe la kusagia.

"Hiki, ami, kitaendesha kompyuta, na friji, na mke wa pili."

Watu wakacheka. Abu Sundus naye akacheka.

"Wa kwanza bado hajamaliza kusema," akajibu.

Akakishika kisanduku. Akakigonga kwa kidole, akasikiliza. Akakiviringisha kiganjani polepole, mara mbili. Uzito wote ulianguka upande mmoja. Tikiti la namna hiyo lina donda.

"Nanunua," akasema, "kwa sharti la kisu."

Hakuna wa Baghdad asiyelijua sharti hilo. Muuzaji hulikata tikiti kwanza: likiwa jekundu unalipa, likiwa jeupe anabaki nalo. Luay akaeleza kwa upole kwamba haya si matikiti. Ukivunja ule muhuri wa kisanduku, dhamana imekufa.

"Dhamana ya karatasi siwezi kuisoma, mwanangu. Ya kisu naiona."

Hapo wateja wakaingilia. Mmoja akasema mzee ana haki, mwingine akasema Luay anaogopa, wa tatu alishachomoa bisibisi mfukoni. Luay akaona jina la duka lipo mezani pamoja na kisanduku. Akaapa mbele ya wote kwamba kikionekana kibovu, mzee atachagua chochote humu dukani kwa bei ile ile.

Wakafungua. Nyaya zilikuwa nyembamba kama nywele za mtoto, na kwenye kona, limegandishwa kwa gundi, bonge la saruji.

Watu wakasogeza vichwa kutazama. Kisha mteja mmoja akasema Luay sasa anauza nyumba, kipande kwa kipande, na kicheko kikafika barabarani. Luay alikuwa amewiva uso. Akasema aliletewa katoni zima la visanduku hivi limefungwa, hakujua. Akalibeba lote akalitua nje ya mlango, lirudi kwa aliyelileta. Kisha akageuka.

"Chagua, ami."

Abu Sundus hakutazama rafu. Alionesha chini ya meza, ambako kompyuta ya Luay mwenyewe ilikuwa ikinguruma. Ina muda gani? akauliza. Miaka mitatu, akajibu Luay, umeme unakatika na kurudi kila siku. Basi nataka pawa saplai ya hiyo, akasema. Muuza matikiti hapeleki bovu nyumbani kwake.

Luay akashika kichwa. "Ami, umeingia mpaka chumbani kwangu."

Lakini kiapo ni kiapo. Akaichomoa. Nayo mzee aliigonga, akaiviringisha: uzito umetulia katikati. Nayo ikafunguliwa: shaba nene, mabamba ya chuma mapana, kila kitu mahali pake. Jekundu mpaka ganda. Luay akaifunga tena, akaiunga kwenye kompyuta nyingine, wakaketi na chai kungoja mkato wa umeme. Ulikuja kabla ya kikombe cha pili. Kompyuta ikazima, jenereta ikapokea, ikawaka bila kupiga chafya.

Alasiri fundi aliifunga mahali pake. Cha kwanza alitoa nakala tatu za sauti ile, kabla hata ya kunywa maji. Umm Ghazwan alikuwa tayari, unga mpaka viwikoni, sinia la tende mbele yake. Fundi akabonyeza.

"Samli ipate moto kidogo tu," alisema Najiba, palepale sebuleni. "Iliki usiwe na choyo nayo. Sasa wewe, Abu Sundus, rudisha hiyo tende. Nimekuona."

Umm Ghazwan akageuka. Mkono wa mzee ulikuwa njiani kwenda mdomoni.

Akairudisha tende siniani polepole, kama mtoto. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, ile ile iliyonuka waya.

Akaomba irudiwe tangu mwanzo. Alisema hakusikia vizuri habari ya iliki. Alikuwa amesikia.