Nguzo ya Mwanasiti

Buya wa Chara alikuwa mchonga mitumbwi, na watu walisema hata maji ya mtungi wake mwenyewe huyanusa kabla ya kuyanywa. Ukimwagiza mtumbwi, atakuuliza wa nini. Ukimjibu ni wa kuvulia, atakuuliza mbona jana hukwenda kuvua. Lakini mitumbwi yake haikuvuja, kwa hiyo watu walimvumilia.

Mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza kwamba utumwa umekwisha pwani, Mwanasiti alifariki. Alikuwa mtunzi, bibi aliyefika Chara zamani akiwa mtoro kutoka Kipini, kwapani kifurushi cha karatasi na kalamu ya tete. Tungo zake zilijulikana mto mzima. Waliokaa juu ya madungu kuamia mpunga usiliwe na ndege waliziimba kutwa. Wachungaji Waorma walioleta ng'ombe mtoni walizichukua wakaenda nazo nyikani, hata wale ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. Alipozikwa, walilia watu ambao hawakuwahi kumtia machoni.

Miezi mitatu baada ya matanga, Bwana Abdulsalam wa Kipini alifika dikoni, pale mitumbwi inapofungwa na maji yanapotekwa, akaulizia nyumba ya Buya.

"Fundi, nataka nguzo ya mti wa mbambakofi, kimo cha mtu," alisema. "Tutaisimamisha hapa dikoni, kila apitaye amkumbuke Mwanasiti. Alikulia kwetu, bila shaka wajua."

Buya alijua. Alijua pia kwamba bibi yule aliugua miezi sita, na katika nyumba ya Abdulsalam hakutoka hata mtu wa kumletea kikombe cha uji.

Abdulsalam akampa karatasi yenye herufi za Kiarabu. "Zichonge hivi hivi zilivyo."

"Zinasemaje, bwana?"

"Jina lake."

Buya akaitazama karatasi. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua. "Jina moja, mistari mitatu?"

"Na dua," akasema Abdulsalam, akageuka kutazama mto.

Kule kugeuka ndiko kulikomtia Buya wasiwasi. Mtu akitaja dua, alijiambia, hageuzi uso. Usiku na mchana mistari ile mitatu ikamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Alikata gogo, akalichonga kwa tezo, akalilainisha, lakini patasi ya kuchongea herufi hakuigusa.

Kwanza alikwenda Ngao kwa kijana mmoja aliyesomeshwa na wamisheni. Kijana akaishika karatasi huku, akaigeuza kule, akakiri kwamba yeye alifunzwa herufi za Kizungu tu. Basi Buya akapiga kasia mpaka Kipini, kwa Mwalimu Shee, aliyefundisha watoto Kurani.

Mwalimu Shee alikuwa bado hajaikunjua karatasi vizuri alipojibu, "Ni jina lake na dua, fundi. Chonga tu."

"Umesoma mistari yote, mwalimu?"

"Yote." Akamrudishia karatasi upesi, kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto, akaanza kuwakemea watoto ambao walikuwa wametulia tuli.

Buya alirudi Chara amenuna. Alimkuta mkewe, Hawo, akipepeta mchele uani. Akaitupa karatasi mkekani karibu naye, akasema, "Nimetumia siku nne, Mama Dado. Mwalimu naye anasema ni jina na dua."

Hawo aliitazama karatasi. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Amekudanganya," akasema.

 Hawo mwenyewe alionekana kushtushwa na maneno yaliyomtoka.

"Wewe umejuaje?" Buya akauliza polepole.

Mkewe akaweka ungo chini. "Hapa pameandikwa: Mwanasiti. Hapa: mjakazi wa nyumba ya Abdulsalam bin Mahmud. Na hapa: tungo zake ni mali ya nyumba hiyo. Dua hakuna."

Buya hakujua akasirikie lipi kwanza. Mtu kaburini, serikali imesema watumwa hawako tena, na bado wanataka kumrudisha utumwani kwa patasi yake yeye! Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa papo hapo mbele yake, limevaa kaniki, limeketi mkekani. Alikumbuka miaka yote ambayo Hawo alikwenda kwa Mwanasiti kila alasiri, eti kusuka mikeka. Siku moja alimfuata kwa kunyatia, akachungulia, akawaona wanawake na ukili mapajani. Akarudi nyumbani, lakini moyo haukurudi naye.

"Ulikuwa ukisuka nini kule?"

"Mikeka. Na haya maandishi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeuliza nasomea nini. Ningekujibu, ungeuliza naficha nini."

 Buya alikuwa Buya. Alichukua kisu, akaikata karatasi vipande vipande, neno na neno, akamwambia mkewe ageuke ukutani. Akavichanganya vipande, kisha akamwonyesha kimoja kimoja.

"Hiki?"

"Nyumba."

"Hiki?"

"Mjakazi."

Alikificha mgongoni, akatoa kingine, kisha akakitoa kile kile cha mwanzo.

"Nyumba tena," akasema Hawo. "Baba Dado, utanichezea mpaka jua lizame?"

Hapo akaamini. Alikwenda kuchukua kipande cha mkaa, akakiweka mkononi mwa mkewe, akamwongoza mpaka penye nguzo. "Andika inavyostahili."

Hawo aliandika mistari miwili.  "Wa juu unasema: Mwanasiti, mtunzi wa Chara. Wa chini ni dua."

Buya akashika patasi. Alichonga siku tano.

Siku ya kuisimamisha nguzo watu walijaa dikoni, Wapokomo kutoka Hewani na Waorma na ng'ombe wao. Abdulsalam alikuja na jamaa zake, wote kanzu nyeupe. Aliikaribia nguzo akitabasamu, akasoma, tabasamu likamkauka.

"Nani amekuandikia haya?"

"Mimi sijui kusoma, bwana," Buya akasema. "Nimechonga nilichopewa."

"Karatasi yangu umemwonyesha nani?"

"Mwalimu Shee peke yake ndiye aliyeweza kuisoma, bwana. Akaniambia nichonge."

Abdulsalam akakodoa macho. "Shee," akanong'ona. "Shee mnafiki!" Akawaita jamaa zake, wakaingia mtumbwini bila kuaga. Kwa miezi mingi baadaye wapiga kasia wa mto walileta habari kwamba kule Kipini mabwana wawili hawajibizani salamu, na Buya akisikia hivyo huinama kazini, asionekane uso.

Nguzo waliisimamisha wenyeji. Wazee walishika, vijana wakashindilia udongo, na mchungaji mmoja aitwaye Godana akaimba utungo wa Mwanasiti wa mvua za masika, maneno nusu ameyakosea, wala hakuna aliyemsahihisha.

Kiangazi kilichofuata ndipo Tahir, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Lamu, alipopita. Buya alikuwa dikoni akitengeneza mtumbwi. Mgeni yule akasimama mbele ya nguzo, akasoma midomo ikimchezacheza, akacheka kidogo.

Buya akatupa tezo chini. "Unacheka nini? Inasemaje?"

"Mwanasiti, mtunzi wa Chara."

"Na chini? Ile dua?"

"Dua?" Tahir akainama, akasoma tena. "Hapa si dua, mzee. Pameandikwa: Alitufundisha kusoma."

Buya akasogea, akaupapasa kwa kidole mstari alioutolea jasho kwa mikono yake mwenyewe.

"Alitufundisha?" akauliza. "Sisi nani?"

"Sijui. Waliochonga ndio wajuao," akasema Tahir, akaenda zake na ng'ombe wake.

Wanawake wa Chara walikuwa wakiteremka na mitungi, kumi au kumi na wawili, Hawo kati yao. Wakamwamkia Buya kwa adabu, naye akaitikia. Kisha akaanza kuwatazama mmoja mmoja, aone ni nani miongoni mwao ambaye, akipita mbele ya nguzo, macho yake yanafuata herufi kutoka kulia kwenda kushoto.