Karata Iliyogusa Mkeka

Siku ile, mwanangu, ninaikumbuka kwa saa yake: Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri, katikati ya miaka ya tisini, barazani kwa Bi Rukia, Mji wa Kale. Naitaja saa kwa makusudi. Nimefanya kazi ya masijala maisha yangu yote ya utumishi, nikigonga muhuri wa tarehe juu ya kila barua iliyoingia ofisini, na siipendi habari isiyo na wakati wake. Hivi majuzi, katika karamu ya harusi huko Makadara, nilimsikia mtu mzima na ndevu zake akisimulia kwamba Mwakio, mgeni wetu wa baraza, alishindwa mchezo wa karata wa siku ile kwa sababu hakujua Kiingereza. Watu wakacheka. Habari hiyo si kweli. Mwakio alikijua Kiingereza kunishinda mimi. Aliyemfanya ashindwe ni mimi niliye mbele yako, na sitakubali uongo huo uendelee ilhali kalamu ningali nayo.

Feisal alikuwa rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukisomea ubao mmoja. Mjomba wake, baharia, alimletea kutoka ng'ambo sanduku la karata zisizofanana kabisa na zile tulizozizoea za shupaza na kopa. Hizi zilikuwa na majoka, wachawi na mashujaa, na chini ya kila picha imeandikwa kazi yake. Wachezaji wawili huanza na roho ishirini kila mmoja, na anayezimaliza za mwenzake ndiye mshindi. Kijitabu cha sheria nilikabidhiwa mimi, nikawa nawasomea wenzangu na kuwafasiria. Wakaniita Bwana Karani, nami jina hilo likanikaa moyoni kuliko ilivyofaa.

Sheria iliyotusumbua ilikuwa moja. Katika karata zetu za kale, mwanangu, iliyogusa mkeka imekwisha kazi. Hairudi wala haijadiliwi. Katika mchezo ule haikuwa hivyo. Karata ikitupwa, haifanyi kazi papo hapo. Kwanza mwenzako apewe nafasi ya kujibu kwa karata yake, na akijibu, jibu lake ndilo hutekelezwa mwanzo, kisha ndipo yako ifuate, ikiwa bado ina pa kufuata. Niliisoma sheria hiyo kwa sauti, mara mbili, nikaifasiri neno kwa neno. Shika hilo.

Mwakio alikuwa Mtaita, karani wa mizigo bandarini, akipanga chumba Majengo. Feisal ndiye aliyemleta barazani, nami nikamsomea sheria upya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi huyo mgeni aliniua. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya na karata zake kifuani, halafu wakati wewe umeshaanza kushangilia, anasema polepole, "Ngoja ndugu, najibu." Baraza zima hulipuka kicheko. Feisal humpiga bega na kusema, "Huyu si mtu, huyu ni wakili!" Bega langu, miaka ishirini ya urafiki, hakuwahi kulipiga hivyo. Nilianza kuhesabu, mwanangu, na sioni fahari kukwambia: nani kamiminiwa kahawa mwanzo, nani kawekewa mahali pa kukaa. Hesabu zote zilikuwa za Mwakio. Hasidi hana sababu, nami sababu nilizitafuta kwa taa.

Kisha Feisal akapata kazi Maskati. Akatangaza kwamba Jumatatu yuwaondoka, na kwamba sanduku la karata atamwachia atakayeshinda mchezo wa mwisho. Tulibaki wawili, mimi na Mwakio. Naomba unielewe vizuri. Karata zenyewe hazikuwa na thamani kwangu. Nilitaka Feisal, huko aendako, akikumbuka kitu chake kiko kwa nani, anikumbuke mimi.

Tulicheza hadi roho zangu zikabaki tatu, na za Mwakio sita. Nikatupa joka langu kubwa, lenye kuangamiza roho sita kwa pigo moja, nikalipiga mkekani kwa kishindo.

"Kwisha! Mtaita, rudi mlimani!" nikapiga ukelele.

Mwakio akainua kidole. "Ngoja ndugu, najibu."

Nilizitazama karata mbili mkononi mwake, nikajua. Mwenye kutulia namna ile ana karata ya ngao, ya kuzuia pigo. Na mbele ya macho yangu Feisal alikuwa ameshaanza kuinua mkono wake, tayari kulipiga lile bega.

"Umechelewa," nikasema. "Karata imeshagusa mkeka."

"Lakini sheria ya kujibu?" Feisal akauliza. "Bwana Karani, hebu tazama kijitabu."

Nikakifungua. Ukurasa niliufikia bila taabu, maana niliujua. Maneno yalikuwa pale pale. Nami, mtu wa masijala, niliyekula kiapo cha kutunza maandishi, nikakohoa na kusoma kisichokuwepo: kwamba majoka hayajibiwi.

Mwakio akanyoosha mkono kwa adabu. "Niazime nami nisome, ndugu."

Hapo ndipo nilipofanya ubaya wenyewe. Nikakifunga kijitabu, nikamwambia mbele ya watu, "Kwani huwaamini waliokukaribisha?"

Mwanangu, wewe ni mtoto wa Mombasa. Unajua neno hilo hufanya nini kwa mgeni mwenye heshima zake. Mkono aliurudisha. Akaweka karata zake chini kifudifudi, akasema, "Kama ndivyo kilivyoandikwa, basi." Akaaga kila mtu kwa jina, akavaa viatu vyake. Feisal akanipa sanduku. Hakunipiga bega.

Wenzangu walipotawanyika, sauti ikanijia kutoka dirishani. Bi Rukia, mwenye nyumba, alikuwa akishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, nyuma ya ubao wa dirisha, na kwa miezi yote ile hatukufikiri kwamba alikuwa na masikio.

"Bwana Karani. Ndoo hapa."

Nikasogea alivyoniita.

"Mimi Kiingereza sikijui, na majoka yenu siyajui. Lakini nalikusikia ukisoma, kila mtu apewe nafasi ya kujibu. Ulisema kila mtu. Leo maandishi yamebadilika?"

"Bi Rukia, ni mchezo tu."

"Mchezo tu," akarudia, sindano ikiendelea. "Basi mbona umetoka jasho? Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, lakini wewe umeivuta hata imepasuka. Umemziba mtu kinywa kwa ukarimu wetu, barazani kwangu. Nenda kamwambie, na Feisal asikie, kabla hajaondoka."

Nikaitikia. Kwenda sikwenda. Jumapili nilijiambia nitakwenda jioni. Jioni nikasema kesho. Jumatatu asubuhi nikafika Mwembe Tayari mbio, sanduku kwapani, nikakuta basi la Nairobi, alikokwenda Feisal kupanda ndege, limeshatoka. Mwakio alikuwa amesimama pale peke yake. Ndiye aliyembebea Feisal mizigo.

Nikamweleza yote. Nikamnyooshea sanduku. Hakulipokea.

"Nilijua umedanganya," akasema. "Sheria ile nilijifunza kwako wewe. Ulisoma vizuri sana siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Ungenijibu nini? Ningekuita mwongo mbele ya watu wako?" Akatazama njia lilikoelekea basi. "Ile ngao nilikuwa nimeiweka tangu mwanzo wa mchezo, nikikungojea wewe na joka lako. Nilitaka Feisal aione kabla ya kusafiri, basi. Sasa unanipa nafasi, na hapana wa kuona. Kaa na karata zako, Bwana Karani."

Nilimwandikia Feisal barua ya kurasa tatu, bila kujipunguzia kosa. Jibu lilikuja mwezi uliofuata. Lilikuja kwa anwani ya Mwakio, bandarini, na mimi nilipata habari zake kwa watu. Sitakuficha kwamba hata hilo nililionea wivu.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wivu hauanzi kwa kuiba. Huanza kwa kuhesabu, na ukijikuta unahesabu vicheko vya rafiki yako na mtu mwingine, inuka ukatembee. Ukishiriki jambo, usikubali kuwa pia mwamuzi wake, hata wakikusifu namna gani. Mtu akisema "najibu", nyamaza asikike, hasa ukijua kwamba jibu lake litakushinda. Usiutumie ukarimu kumfunga mgeni mdomo, maana huyo hana pengine pa kusemea. Na ukikosa, rekebisha siku ile ile, mbele ya wale wale uliokosea mbele yao. Haki iliyocheleweshwa, hata ikiletwa kamili, humkuta mwenyewe ameshaacha kuihitaji.

Mola akupe marafiki unaoweza kuwagawana na wengine bila kifua kukubana. Akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea" na masikio mazito kwa sifa. Na atakapokuja mgeni barazani kwako, aondoke hali amesema lake lote. Amina.