Mikebe Kumi Chini ya Kitanda cha Wangoi

Muulize mtu yeyote wa Kawangware atakuambia: Nduku hanyamazi. Nimegombana na wauza maji, nimegombana na mwenye ploti, hata pasta niliwahi kumkatiza mahubiri kwa sababu alikosea jina la marehemu. Ndiyo maana mpaka leo sielewi ilikuwaje, mwaka ule wa ukame, themanini na nne, nikafunga mdomo siku tano nzima. Na kwa kuufunga nikamponza mwanamke ambaye alikuwa amenitendea mema tu.

Mwanamke huyo ni Nabalayo, mama Naftaly, mke wa Lusweti fundi seremala, wa kule Kianda, Kibera. Kwao ni Bungoma. Alikuwa karani wa akina mama kanisani, mtu wa maneno machache na mwandiko mzuri. Mvua ilipokosa, mashirika manne ya ng'ambo yakaja kugawa chakula Kibera na Kawangware, yakakodi nyumba moja ya mabati nyuma ya ploti ya mzee Nderitu, huku Kawangware, kuwa ofisi yao. Nabalayo akaajiriwa kuandika majina, mimi nikaajiriwa kupika chai na kushika funguo za stoo.

Mkubwa wa ofisi alikuwa Mzungu mmoja mrefu. Siku moja akasema anaenda kwao wiki mbili, akamwachia Nabalayo muhuri. Hakurudi. Baada ya mwezi ikaja barua kusema kwamba kuanzia sasa Bibi Nabalayo ndiye mkuu. Aliisoma mara tatu, akanipa mimi niisome, na mimi Kizungu changu ni cha sokoni.

"Mama Muia," akaniuliza, "hapa wamesema mimi ndiye naongoza, ama wamesema nimwongoze anayekuja?"

"Kwani kuna mwingine anakuja?"

Hakukuwa na mwingine. Ilikuwa yeye.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Nabalayo alishika nne. Wenye unga walitaka watu wapange foleni kwa majina ya waume. Wenye maziwa walitaka majina ya watoto. Wenye blanketi walitaka nambari za nyumba, na nyumba za Mashimoni, kule Kibera, hazina nambari. Wenye mafuta ya kupikia hawakutaka chochote ila sheria moja, na sheria hiyo ilipigwa chapa kwenye kila kadi: chakula kiliwe na nyumba iliyopewa, na atakayempa mwingine mgao wake atafutwa. Kila shirika lilikuwa na kadi ya rangi yake. Nilimwona Nabalayo mara nyingi amezipanga kadi nne mezani, nyekundu, kijani, njano, nyeupe, anazitazama tu. Nikimwekea chai ilipoa. "Kichwa changu kinazunguka," alikuwa akisema, na alisema kweli.

Lakini watu walikula. Hilo lazima niliseme. Kila Alhamisi lori lilikuja, na kila Alhamisi hakuna mtoto aliyerudishwa mikono mitupu kwa sababu ya rangi ya kadi.

Sasa nieleze mambo yetu ya Congo. Congo ni huku huku Kawangware, nyumba zimebanana, na mimi ndiko ninakoishi. Tulikuwa wanawake kumi, na kabla ya ukame tulikuwa na chama chetu cha kuzungushana. Kila wiki kila mmoja alileta kitu, mwenye zamu akabeba vyote. Ukame ulipokuja hatukuwa na cha kuleta, mpaka yakaja mafuta. Kila mwanamke mkebe mmoja kwa wiki. Mkebe mmoja utafanya nini nao? Utakaanga sukuma utamaliza. Lakini mikebe kumi ni kazi! Unakaanga mandazi miezi miwili, watoto wanasoma, unavaa kiatu. Basi tukakubaliana: unga kila mtu ale na watoto wake, maziwa kila mtu na watoto wake, mafuta tuzungushe. Tulijua kadi imesema nini. Tulisema Mzungu hajui chama, na asichokijua hakimuumi.

Alhamisi hiyo zamu ilikuwa ya Wangoi. Wangoi alikuwa mfua nguo, mama wa watoto wanne, bwana yake Ishmael amelazwa miezi mitatu kwa ajili ya kifua. Tulimbebea mikebe yetu, tukaipanga chini ya kitanda chake, tukaimba kidogo. Zamu iliyofuata, Alhamisi iliyofuata, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimengoja wiki tisa. Karai la mandazi nilikuwa nimeshanunua, jipya, liko ukutani.

Ijumaa akaja Bwana Anders, wa lile shirika la mafuta ya kupikia, na kamera. Anataka kuona jinsi familia moja inavyoishi. Nabalayo akampeleka Congo, mimi nikawafuata nyuma. Nyumba ngapi ziko Congo? Mia? Mia mbili? Huyo Mzungu akaelekeza kidole kwenye mlango wa Wangoi. Woi! Akainama kupiga picha ya mtoto aliyekaa sakafuni, na nyuma ya mtoto, chini ya kitanda, mikebe kumi.

Akahesabu. Akahesabu tena.

"Ni ya nani?" Nabalayo akamuuliza Wangoi.

Wangoi akanitazama mimi. Nikatazama paa.

"Ni yangu," akasema.

"Umeyapata wapi yote haya, mama?"

"Ni yangu," akasema tena, na hakusema neno lingine. Alijua akifungua mdomo kadi kumi zitafutwa, si moja. Alikuwa anatukinga, na mimi nilisimama pale na funguo za stoo kiunoni, nikijitia hamnazo.

Bwana Anders akasema kuna wizi. Akataka jina la mwizi na maelezo kamili kabla ya Jumatano. Akikosa, foleni ya Congo yote ifungwe. Nabalayo akarudi ofisini, akatoa kadi nyeupe ya Wangoi kwenye sanduku, akaikata mstari. Akaniuliza, "Mama Muia, wewe unakaa Congo. Huyu mwanamke ni mwizi?"

"Sijui, madam," nikasema.

Nilijua! Lakini nilikuwa naona karai langu ukutani. Nikajiambia nikisema tu, Alhamisi hakuna mkebe, na Wangoi tutamchangia mafuta kidogo, hatakufa. Njaa ina aibu zake, na hiyo ni moja.

Jumatatu wanawake wanane wakaja ofisini. Tisa pamoja na mimi niliyekuwa nawamiminia chai. Wakasimama mbele ya meza ya Nabalayo na kanga zao kichwani, wakamwombea Wangoi arudishiwe kadi.

Nabalayo akawaangalia mmoja mmoja. "Nisaidieni kuelewa," akasema. "Mafuta yenu yako kwake?"

"Yako kwake," akajibu Waruguru, mkubwa wetu.

"Amewaibia?"

"Hajatuibia."

"Basi amenunua?"

"Hajanunua."

"Basi mafuta yalitembea yenyewe yakaingia chini ya kitanda?"

Wanane wote wakanigeukia mimi, niliyekuwa mtu wa ofisi, kwamba mimi niseme. Nikasema sukari imeisha, nikatoka nje. Nilikaa nyuma ya choo cha mzee Nderitu mpaka wakaenda. Ukitaka kunitukana nitukane, mwenyewe nimeshajitukana.

Jumanne asubuhi Nabalayo akaingia ofisini amebeba sufuria. Sufuria kubwa, ya kupikia watu wa matanga, amekuja nayo kwa miguu kutoka Kianda. Akaiweka juu ya kadi zote za rangi.

"Unajua hii nilipata wapi?"

"Hapana, madam."

"Mwaka wa sabini na sita. Tulikuwa wanawake kumi na wawili kanisani. Kila mwezi tulimnunulia mmoja vyombo. Ilipofika zamu yangu nililetewa hii na vikombe ishirini na nne, na mume wangu akaniuliza nimeiba wapi." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Jana usiku naosha sufuria, nikakaa chini jikoni. Mimi mwenyewe nimekula chama miaka minane, na nimekaa kwenye meza hii nikashindwa kukijua nikikiona. Meza hii inamfanya nini mtu? Mama Muia, yale mafuta ni chama, sivyo?"

Hapo ndipo mlango wa kusema ulipofunguliwa kabisa. Neno moja tu.

"Sijui, madam," nikasema.

Alinitazama usoni. Sijui aliona nini. Kisha akavuta karatasi, akaanza kuandika, akafuta, akaandika. Alikuwa akinong'ona peke yake: nikisema ukweli wanafutwa wote kumi, nikisema wizi anafutwa ambaye hakuiba, nikinyamaza Congo inafungwa. Alichana karatasi tatu. Ya nne akaipiga muhuri.

Aliandika kwamba stoo ya ofisi ilikuwa ikivuja, na kwamba yeye, mkuu wa ofisi, alimwamuru Wangoi ahifadhi mikebe kumi ya ziada kwake, na Wangoi akakatazwa kumwambia mtu. Stoo ilikuwa ikivuja kweli, kama mvua ingenyesha. Lakini ni mvua gani?

Jumatano Bwana Anders akaisoma barua, na yeye pia akachanganyikiwa. Akamshukuru Nabalayo kwa ukweli wake. Akasema ni mtu mwaminifu kuliko wote aliofanya kazi nao Nairobi. Kisha akamfuta kazi, kwa sababu kuweka mali ya msaada nyumbani kwa mtu bila kibali ni kosa lisilosameheka. Aliyasema yote mawili akiwa bado amemshika mkono. Nabalayo akaniuliza baadaye, "Amenisifu ama amenifukuza?" Nikamwambia yote mawili. Akatikisa kichwa, akabeba sufuria yake, akaenda. Mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa karo ya Naftaly, na Lusweti hakuwa amepata mtu wa kumwagiza kiti tangu Krismasi.

Kadi ya Wangoi ikarudishwa. Foleni ya Congo haikufungwa.

Alhamisi ikafika, zamu yangu. Tukakutana kwa Wangoi na mikebe yetu. Kabla sijatandaza kanga ya kubebea, Waruguru akasema, "Leo tunapeleka Kianda."

"Kianda kwa nani?" nikauliza, kana kwamba nilikuwa sijui.

"Kwa mama Naftaly. Ametuokoa, na sasa hana kazi. Mwenye neno aseme."

Mwenye neno nilikuwa mimi. Haki ya Mungu, moyoni nilitukana mpaka nikaishiwa. Wiki tisa! Lakini macho ya Wangoi yalikuwa juu yangu, yale yale ya Ijumaa, na safari hii sikupata paa la kutazama. Nikasema sina neno. Nikashusha karai langu ukutani, nikalibeba pia.

Tulipita Dagoretti Corner, tukavuka Ngong Road, wanawake kumi na mikebe kumi, watu wakitushangaa. Nabalayo alikuwa akianua nguo. Tulipoipanga mikebe mlangoni alirudi nyuma.

"Hii ni ya nini? Nimeshafutwa. Msinitafutie kesi nyingine."

"Leo ni zamu yako," Waruguru akamwambia.

"Mimi si wa chama chenu."

"Tangu Jumanne ni wa chama chetu."

Akaketi kwenye kizingiti. Alishika mkebe mmoja, akasoma maandishi ya Kizungu kwamba si ya kuuzwa, akaanza kulia na kucheka pamoja, na sisi tukaanza kulia, hata mimi, na sikuwa na haki ya kulia. Wangoi ndiye aliyemfuta machozi.

Kisha Nabalayo akanitazama. "Zamu ya leo ilikuwa ya nani?"

Nikajibu mwenyewe. "Yangu, madam."

"Kwa hivyo ulijua. Ijumaa ulijua, Jumanne ulijua."

"Nilijua."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akapiga mistari kama alivyokuwa akipiga ofisini, akaandika majina kumi na moja kwa ule mwandiko wake mzuri, zamu mpya kuanzia yeye. La pili akaandika Wangoi, kwa sababu mikebe yake ile Bwana Anders aliirudisha stoo. La tatu Waruguru. Nilingoja. Aliandika, aliandika, jina langu likawa la kumi na moja.

"Utangoja kidogo, mama Muia," akasema, akanirudishia tabasamu na karai langu.

Nikangoja. Kila Alhamisi nilibeba mkebe wangu kumpelekea mwingine. Wiki ya saba mvua ikanyesha, watu wakaruka ruka barabarani. Wiki ya tisa lori halikuja, wala halikuja tena.

Nabalayo anakaanga mandazi Kianda mpaka leo, na Naftaly ni mwalimu. Nikipita hunifungia manne kwenye gazeti na hataki pesa yangu. Huwa nayala njiani, na sijawahi kujua kama ninakula msamaha au ninakula zamu yangu.