Intavyuu ya Masikio

Mimi ni mtu wa kujiandaa, na hapo ndipo nilipoharibu. Miaka ile ya tisini, mtaani kwetu Kayole, mtoto hakuingia darasa la kwanza bila intavyuu, na mzazi aliyempeleka mwanawe bila kumfundisha majibu alichekwa ploti nzima. Wanangu wawili wakubwa niliwanoa wakapita. Basi kitinda mimba wangu, kiziwi, alipoitwa hospitalini kupimwa, nikasema na huyu atapita, mtaona.

Alikuwa na miaka minne. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai ikaenda na masikio. Hospitali ilituazima vifaa vya kuvaa nyuma ya masikio, tuone kama vitamsaidia. Tukaambiwa pia kuna madaktari wageni wanakuja kupandikiza kifaa ndani kabisa ya sikio. Nafasi zilikuwa chache, na mtoto aliyepitia homa ile hakufaa kungojangoja, maana sikio lake la ndani huweza kugeuka mfupa polepole. Wanamtafuta mtoto wa namna gani? Hilo sikuuliza. Nilidhani wanataka hodari. Ni nani duniani humchagua anayefeli?

Wiki tatu nilimkalisha mbele yangu na vizibo vya soda na mkebe mtupu. Baba yake, aliyekuwa fundi wa reli, alisimama nyuma yake akigonga sufuria. Ikilia, nainua nyusi, mtoto anatia kizibo mkebeni.

“Mama watoto, unamfundisha kusikia ama kukutazama uso?” akaniuliza.

“Wewe gonga tu!”

Siku ya kipimo mwanangu alivaa vile vifaa, na mpimaji, mama wa makamo mpole, aliniketisha pembeni na kunionya nisimsaidie mtoto kwa lolote. Nilitulia tuli, isipokuwa nyusi. Sauti zilitoka kwenye spika, nyingine ndogo kama mbu. Kila iliyolia, mwanangu alitia shanga kwenye ndoo. Hakukosa hata moja, na mimi, mjinga mimi, nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mpimaji akavua miwani. “Hongera, mama. Hivi vya kuvaa vinamtosha. Upasuaji tutamwachia mtoto asiyesikia kabisa.”

Ningesema pale pale! Lakini mlango ulikuwa wazi, wazazi wengine wamejaa kwenye benchi, na mimi ni mtu wa kanisa, nikiri vipi kwamba nimedanganya? Nikasema asante, nikambeba mwanangu nikaondoka.

Zikapita siku tatu. Nilipomweleza baba yake, alishika kichwa. “Mficha uchi hazai, mama watoto. Rudi ukaseme.”

Nilirudi asubuhi iliyofuata. Mpimaji hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimpima tena, mimi nikiwa nje, na mtoto hakusikia kitu, hata sauti za kupasua kichwa. Lakini orodha ilikuwa imefungwa, na mtoto mwingine alikuwa ameshalazwa tayari kwa upasuaji. Tukaambiwa tungoje wageni warudi.

Walirudi baada ya mwaka na nusu. Safari hii walimpiga picha ya kichwa. Masikio ya ndani yalikuwa yamejaa mfupa, yote mawili, na hapakuwa na pa kupitisha waya wa kile kifaa. Daktari alinieleza kwa upole, mara mbili, akidhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, anashona nguo, na wateja wake wamejifunza ishara kwa lazima. Baba yake alishafariki, kwa hivyo hakuna wa kunikosoa. Mwaka jana mwanangu aliniuliza, kwa mikono, kwa nini yeye hakupasuliwa wakati ule. Nilimjibu kwamba madaktari walimpima wakaona hafai. Alinifuta machozi na kanga yangu mwenyewe, akaniambia niache kulia, si kosa langu.