Orodha Niliyoigeuza Mara Mbili

Siku ya kwanza kazini niliwahi kufika, si kwa bidii. Bohari lile la bidhaa za mifugo lilikuwa Pasiansi, mimi nakaa Kiseke, na kazi niliiomba kwa sababu ya ukaribu huo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, nimekaa sebuleni.

Mkuu wa Bohari, mama asiyecheka ovyo, aliitikia shikamoo yangu akaeleza kazi. Orodha ya wateja ilifuata njia: wa Magu kwanza, wa mbali mwisho. Lori hupakiwa kinyume, maana kinachoingia kwanza hukaa ndani kabisa.

“Kwa hiyo kompyuta iigeuze. Na hapa mwandika orodha husafiri nayo safari ya kwanza.”

Hilo la kusafiri lilinichosha kabla sijaanza.

Kugeuza orodha ni kubadilishana nafasi: wa kwanza na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hadi katikati, unasimama. Mimi niliiamuru kompyuta iende hadi mwisho. Ilipovuka katikati ikaanza kuwarudisha wote walikotoka. Karatasi ilitoka imenyooka vizuri. Nikaisifu bila kuisoma.

Magu tukafungua lori. Magunia ya pumba hadi juu, na sauti za vifaranga wa mteja wa Magu mbali huko ndani.

“Fundi,” dereva akaniuliza, “nani kapanga hivi?”

“Karatasi.”

“Basi iite ishushe.”

Nikampigia Mkuu wa Bohari. Akajibu: “Akifa hata mmoja, usirudi.”

Tulishusha mzigo wa wateja wote juani. Maboksi ya vifaranga yalipotoka, mteja alihesabu taratibu kuliko nilivyopenda. Walikuwa wazima wote, wana kiu na hasira.

Kesho yake nikaigawa idadi ya wateja kwa mbili, kompyuta iishie hapo, programu ikakaa sawa.

“Umejifunza nini?” Mkuu akauliza.

“Kusimama katikati, mama.”

“Na mgongo?”

“Umejifunza kunishinda.”

Siku hizi vijana mnaandika neno moja tu, orodha inageuka. Sawa, ila isomeni.

Nilipostaafu, ofisi ilinizawadia kiti cha kukunjua miguu. Kililetwa na lori la Magu, Kiseke ikiwa kituo cha kwanza. Nilisimama barazani nikiwa na wasiwasi. Mlango ukafunguliwa: kiti changu mbele kabisa, hakuna gunia lililoguswa. Nikakikalia palepale. Tangu hapo sijaenda mbali.